Nyumba ya Tippu Tip, Shangani, na Kitabu Chake

Karibu na Africa House, jengo ambalo wazee wetu walilijua kuwa ni klabu ya Waingereza, kuna kichochoro chembamba cha Shangani. Humo imo nyumba ya ghorofa yenye mlango mkubwa wa nakshi na ngazi za marumaru, jiwe jeupe na jiwe jeusi. Wenyeji wa Mji Mkongwe hawahitaji kuoneshwa: ni nyumba ya Tippu Tip. Jina lake la haki, Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, halitajwi sana pale mlangoni, na hata miongoni mwetu tulio Maskati, Dubai na London wako vijana wanaolijua lile la utani wasilijue la ubini.

Nyumba hii ina hadithi mbili, na kila moja ina watu wake. Watembeza wageni huwasimamisha watalii mbele ya ngazi, wakawaambia kuwa hapa aliishi mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, watalii wakapiga picha mlango, wakaenda zao. Hadithi ya pili husimuliwa katika baraza zetu za ughaibuni. Humo husifiwa urefu wa safari zake, Wazungu waliomhitaji, heshima aliyokuwa nayo kwa Masayyid. Na likifika neno watumwa, msemaji huharakisha kidogo kama mtu anayepita penye matope. Sisi tunaona kuwa hadithi hizi zote mbili zinaiacha nyumba nje, kwenye kizingiti. Ukitaka kuingia ndani uingie na kitabu cha mwenye nyumba, kwa sababu Hamed bin Muhammed aliandika khabari zake mwenyewe, kwa Kiswahili, na hakuficha mengi.

Kwanza nyumba. Imejengwa kama majumba mengine ya matajiri wa Unguja wa karne ya 19: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari za boriti za mikoko. Mtu asiyejua ujenzi wetu hushangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba, akadhani ni mtindo wa watu wa zamani. Ni boriti. Mti wa mkoko ulionyooka haupatikani kwa urefu wa kupita mita tatu hivi, na kwa hiyo upana wa chumba ukaamuliwa na kichaka cha mikoko cha Rufiji au cha Lamu kabla mwenye nyumba hajasema neno. Mwenye kutaka ukumbi mpana alilazimika kuagiza mbao kubwa kutoka ng'ambo, na hapo ndipo fedha zilipoonekana.

Katika nyumba za namna hii chini ni mahali pa kazi na pa wageni wa kiume. Nje mna baraza la kukalia, ndani ya mlango mna ukumbi wa kuingilia, na pembeni vyumba vya kuwekea bidhaa. Watu wa nyumbani hukaa juu, penye upepo na faragha. Mlango ni mpaka wa sehemu hizo mbili, ndiyo maana ukanakshiwa: kizingiti cha juu, fremu na mfaa wa katikati vilichongwa na fundi kwa miezi, mbao ikapigiliwa misumari ya shaba. Mfanyabiashara aliyekuja kukopesha au kudai aliusoma mlango kabla ya kumwona mwenyewe. Mlango wa Tippu Tip huhesabiwa mpaka leo katika milango mizuri ya Mji Mkongwe, na mji huo una milango mizuri mingi.

Hamed bin Muhammed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, zama za Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, binti Habib bin Bushir, alikuwa Mwarabu wa Maskati. Upande wa baba, babu zake walikuwa watu wa pwani waliokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo kwenda bara, na mmoja katika mabibi zake wa zamani alizaliwa na baba wa Kinabhani na mama mwenyeji wa Mbwamaji, kile kijiji cha kusini ya Dar es Salaam ya leo. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makazi Unyanyembe na akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tunaieleza nasaba hii kwa sababu bado tunakutana na watu wanaouliza kama Tippu Tip alikuwa Mwarabu au Mswahili, kana kwamba mtu lazima achague. Katika mji ule na zama zile, mtu kama yeye alikuwa Mwarabu kwa baba na kwa jina, Mswahili kwa ulimi, na mjomba au mkwe wa watu wa Tabora kwa ndoa. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wana nasaba ya namna hii hii, hata kama mti wa ukoo uliotundikwa ukutani umeandika upande mmoja tu.

Kitabu chake kinaanza akiwa na umri wa miaka 12, anapoanza safari ndogo za biashara. Baadaye akafuatana na baba yake bara, mpaka Unyanyembe na Ujiji. Kisha akajitenga akaanza kwenda kwa mali yake. Tukisema mali yake, maana yake ni mali ya mkopo. Hili ndilo jambo ambalo hadithi za mlangoni haziligusi, nalo ndilo lililoisimamisha Shangani nzima. Mtu wa kwenda bara alihitaji nguo za merikani na kaniki, ushanga, masango, bunduki na baruti, na posho ya mamia ya watu. Hakuna aliyekuwa na fedha hizo mfukoni. Walikuwa nazo matajiri wa Kihindi wa Unguja, na kwa Tippu Tip mkubwa wao alikuwa Taria Topan. Mkopeshaji hutoa bidhaa, bei ikapandishwa kwa kuwa ni za kukopa na safari ni ya miaka. Mkopaji hurudi na pembe, forodha ikatoza chake, deni likakatwa, kilichobaki ndicho faida. Msafara uliopotea ulimwacha mtu mtumwa wa daftari maisha yake yote, na wako waliokimbilia bara wasirudi tena pwani kwa kuogopa wadai. Tippu Tip alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi wakiwa na ziada.

Pembe hizo zilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16, zikapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani, zikawa bangili, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Mwanamke aliyejifunza piano katika nyumba ya Kimarekani mwaka 1880 na mwenye nyumba wa Shangani walikuwa washirika, ingawa mmoja wao hakujua. Marumaru ya ngazini ni pembe iliyogeuzwa jiwe.

Na pembe zilipatikanaje? Hapa tunamwachia mwenyewe, kwa sababu ushahidi wake hauwezi kusemwa kuwa ni uzushi wa wamishionari. Anasimulia jinsi alivyowaajiri wapagazi wa Kizaramo, wakachukua ujira, wakatoroka. Akarudi vijijini mwao, akawakamata watu, akawatia chuma, akaondoka nao. Anasema watu wakamwita Kingugwa, jina la chui, kwa kuwa chui hushambulia hapa na pale bila kuchagua. Haombi radhi wala hajitetei. Anasimulia kama mfanyabiashara anayeeleza namna alivyotatua tatizo la usafiri. Si wapagazi wote waliokuwa hivyo. Wanyamwezi walikuwa watu huru waliofanya upagazi kuwa kazi yao, wakapatana ujira, na aliyewadhulumu hakuwapata tena mwaka wa pili. Lakini kisa cha Wazaramo kimo kitabuni, kwa mkono wa mwenye nyumba, na atakayetaka kukitoa itabidi akichane kitabu.

Kadhalika kisa cha Nsama wa Itabwa. Mtawala huyo aliogopwa na wafanyabiashara wote. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana naye akamshinda, akateka pembe nyingi na watu wengi. Katika vita hivyo ndipo anaposema alipata jina lake, kwa sauti ya bunduki zake masikioni mwa waliokimbia. Wengine walisema aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenyewe, kama ambavyo ungetarajia, alipenda maelezo ya bunduki. Ni mwaka huo huo alipokutana na Livingstone, akamsaidia njiani. Yule Mwingereza aliyekuja kuilaani biashara ya watumwa alipewa chakula na ulinzi na watu wa biashara ile ile, na aliandika hivyo katika shajara zake.

Kisa tunachokipenda sisi zaidi, ikiwa kupenda ni neno la kutumiwa hapa, ni cha Utetera. Njiani alisikia kuwa zamani wanawake wa ukoo wa mtawala wa nchi ile walitekwa wakapelekwa mbali. Akajitokeza kwa mzee Kasongo Rushie akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Mzee akasadiki, au akaona ni faida kusadiki, akamwachia utawala pamoja na haki ya pembe za nchi nzima. Basi mtu ambaye sisi tunapigania nasaba yake alitengeneza nasaba nyingine alipoihitaji, na akaiandika bila haya. Wanahistoria wanaokusanya shajara za koo zetu wasikisahau kisa hiki.

Safari yake kubwa ilianza 1870 na hakurudi Unguja mpaka 1882. Aliondoka mwanzoni mwa enzi ya Sayyid Barghash, na katika miaka hiyo 12 soko la watumwa la Mkunazini likafungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Yeye alikuwa Manyema, Kasongo na Nyangwe, akitawala nchi kubwa kuliko kisiwa alichozaliwa. Cameron alimkuta huko 1874, na Stanley 1876, akakubali kumsindikiza sehemu ya njia ya mto Kongo kwa ujira. Watu wake, waliojiita waungwana, waliacha huko jambo moja ambalo halikuporwa na mtu: lugha. Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kile kilichoitwa Kingwana, kilienea kwa misafara hiyo na kwa miji hiyo.

Februari 1887 alikuwa Unguja tena, na Stanley naye amekuja na mkataba. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitaka Tippu Tip awe liwali wake wa Stanley Falls, pale ulipo mji wa Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyeweza kukusanya pembe za maelfu ya pauni akakubali mshahara wa karani. Wengi wamemcheka kwa hilo. Sisi hatuoni kuwa alikuwa mjinga. Aliona kuwa Wajerumani wameshaingia bara la mbele ya Unguja, na kwamba Sayyid Barghash hana jeshi la kumlinda yeyote Manyema. Bendera ya Leopold ilikuwa mwavuli uliopatikana siku ile. Wakapanda meli *Madura*, wakaizunguka Afrika kwa kusini, wakaingia Kongo kwa mlango wa magharibi.

Mwavuli haukudumu. Stanley akamshitaki katika mahakama ya konseli Unguja kwa madai ya kuvunja mkataba wa kuwapatia wapagazi, na Tippu Tip akaanza safari ya kurudi pwani, akafika 1891. Kesi ikaachwa. Huko nyuma, kuanzia 1892, majeshi ya Leopold yakapigana na watu wake. Nyangwe na Kasongo zikaanguka 1893, na mwanawe Sefu akauawa mwaka huo huo. Baba alikuwa Unguja, na khabari kutoka Manyema zilichukua miezi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuwa mzazi katika nyumba ile: kwa miezi mizima mtu huweza kuwa anamwombea dua ya salama mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Miaka iliyobaki, kama 14 hivi, ndiyo iliyoifanya nyumba ya Shangani kuwa nyumba yake machoni mwa mji. Aliyerudi hakuwa na nchi tena bali alikuwa na mashamba. Waandishi wengi hutaja kuwa kufikia 1895 alikuwa na mashamba 7 na watumwa 10,000. Unguja yenyewe ilikuwa imeshawekwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zikalipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, wakamtoa Sayyid Khalid, na kutoka Shangani mpaka pale si mwendo wa mbali. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud akatoa dikrii ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria.

Dikrii ile inahitaji kusomwa polepole. Haikumwachia huru mtu kwa siku moja. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaudai, na mwenye mtumwa alilipwa fidia. Aliyeachwa huru na hana pa kukaa wala kazi angeweza kushitakiwa kwa uzururaji. Wengi wakabaki mashambani, wakapatana na wenye mashamba siku za kazi kwa haki ya kukaa na kulima. Na masuria hawakuingizwa. Mwanamke aliyekaa ghorofani kama suria alingoja mpaka 1909 ndipo sheria imtambue, yaani baada ya mwenye nyumba huyu kufa.

Tuseme wazi jambo ambalo katika baraza zetu husemwa kwa kunong'ona. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni mtoto wa baba yake, huru, anarithi, na hubeba ubini kama ndugu zake. Majumba ya Shangani, Forodhani na Malindi yalijaa watoto hao, na wajukuu wao wamo Maskati, Ruwi, Abu Dhabi, Leicester na Toronto. Wengi wetu tunamjua bibi mmoja ambaye kabila lake la Kiarabu halitajwi, anatajwa kwa jina tu, jina la kupendeza la Kiarabu alilopewa alipofika. Alitoka Manyema au Uyao au Ziwa Nyasa. Alikuwa na jina jingine. Kitabu cha Tippu Tip, kinachotaja kila mtemi na kila frasila, kinawataja kidogo mno wanawake wa nyumba. Kwa hiyo tunaposema nyumba hii ni urithi wa familia zetu, tunasema kweli kuliko tunavyokusudia: waliopanda zile ngazi za marumaru kwa heshima ni babu zetu, na walioziosha ni bibi zetu.

Katika miaka hiyo ya uzee ndipo Heinrich Brode, Mjerumani aliyefanya kazi katika ubalozi wa Ujerumani Unguja, alipomshawishi aandike maisha yake. Yakaandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wote wa mji walivyokuwa wakiandika barua na hesabu zao. Brode akayageuza kwa herufi za Kilatini, akaongeza tafsiri ya Kijerumani, yakachapishwa Berlin 1902 na 1903. Watu wa Afrika Mashariki waliyapata kwa urahisi baadaye sana, Wilfred Whiteley alipoyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Tafsiri ya Kifaransa ya François Bontinck ikatoka 1974.

Hiki ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mtu kueleza maisha yake kwa Kiswahili cha nathari, na tunastaajabu kuona kinavyotajwa kidogo pale Unguja penyewe. Lugha yake ni kavu. Tarehe ni haba, maelezo ya mandhari karibu hayamo, mtu anakufa kwa sentensi moja na pembe zinapimwa kwa sentensi tatu. Aliyelelewa na wafanyabiashara wa Unguja atakijua kimsemo hicho mara moja: ndivyo babu wanavyosimulia baada ya Isha, kahawa mkononi, wakikumbuka bei kuliko sura. Ikiwa nyumba ile ina hazina basi ni hii, kwamba mwenye kuishi humo aliwaachia watu wa lugha yake ushahidi juu ya nafsi yake kwa lugha hiyo, si kwa Kiarabu cha kujionesha wala kwa kinywa cha mfasiri.

Alifariki Juni 1905 kwa homa ya malaria. Wasifu wake mrefu uliotungwa na Brode ukatoka Berlin mwaka huo huo.

Miaka karibu 60 iliyofuata tunaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa miaka ya nyumba nyingi za Shangani: warithi wengi, mapato ya karafuu yanayopanda na kushuka, matengenezo yanayoahirishwa. Kisha Januari 1964. Wasomaji wetu hawahitaji kusimuliwa yaliyotokea; wengine waliyaona wakiwa watoto, wakiwa wamefichwa chini ya vitanda. Majumba ya walioondoka na ya waliouawa yakataifishwa, na serikali ikawapa makazi watu waliotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Nyumba ya Tippu Tip ikagawanywa, familia moja chumba hiki, nyingine chumba kile, jiko kwenye ukumbi, kamba za nguo kwenye uwazi wa katikati.

Tumewahi kusikia wenzetu wakiwaita watu hao wavamizi. Uchungu tunaujua na hatuudharau. Lakini tuhesabu miaka. Hamed bin Muhammed aliishi Shangani baada ya kurudi kwake kwa miaka kama 14. Wapangaji wa baada ya 1964 walikaa humo kwa miongo, wakazaa, wakaozesha, wakasomesha watoto, wakatoa maiti zao kwa mlango ule ule wa nakshi. Mara nyingi wao ndio waliomwonesha mgeni njia na kumruhusu apande kutazama. Pengine kati yao walikuwamo wajukuu wa watu waliokuja kisiwani na misafara. Historia ya nyumba inayoishia 1905 au 1963 ni historia iliyokatwa kwa hasira, na hasira si kigezo cha mwanahistoria.

Lililoiumiza nyumba si watu bali mgawanyo na maji. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja wenye watumishi haikukusudiwa kuwa na majiko na vyoo vingi ghorofani. Maji yakivuja hufuata ukuta mpaka kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ndani ya jiwe, mahali pasipoonekana, na boriti huoza kuanzia hapo. Dari huonekana nzima mpaka siku inaposhuka. Kodi waliyolipa wapangaji wa nyumba za serikali ilikuwa ndogo, ikawa msaada kwao, lakini haikutosha kununua hata chokaa. Aliyepata fedha kidogo alinunua saruji, na saruji ndiyo adui aliyevaa nguo za rafiki. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: hunyonya unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Ukiupaka saruji nje, unyevu hufungiwa ndani na chumvi yake, plasta ikabanduka, moyo wa ukuta ukawa mchanga. Mafundi wa zamani wa chokaa, waliojua kuchoma mawe kwenye tanuri la magogo na kuiacha chokaa ilale majini muda mrefu kabla ya kuitumia, wamebaki wachache.

Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Majengo yake ni kama 1,700. Ni mengi kwa chombo chochote, na yenye majina makubwa hupata fedha kwanza, hata hayo yakiwa hayana dhamana: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu. Kama jumba lile lililo mbele ya bahari na mbele ya macho ya dunia liliweza kuanguka, mtu asijidanganye kuhusu nyumba ya kichochoroni.

Njia nyingine ya kuziokoa nyumba hizi ni kuzifanya hoteli, na baadhi ya majirani wa Shangani zimeokoka kwa njia hiyo. Hatuipingi moja kwa moja. Ukuta uliopakwa chokaa kwa fedha za watalii ni bora kuliko kifusi. Tunachokitaka ni kwamba atakayeikarabati nyumba ya Tippu Tip, awe nani, aweke humo kitabu chake kwa Kiswahili mahali pa kusomeka, na visa vya Wazaramo na Utetera vimo, na neno suria limo. Marumaru peke yake haitoshi kumweleza mgeni ameingia nyumba ya nani.

Kuna kazi moja ambayo sisi wa ughaibuni tunaweza kuifanya sasa bila kungoja serikali yoyote. Fundi anayerudisha nyumba huhitaji kujua ilivyokuwa kabla ya kugawanywa: ngazi ya ndani ilipanda upande gani, uwazi wa katikati ulikuwa na nguzo au hauna, madirisha ya ghorofani yalikuwa na vyuma au mbao. Picha za kabla ya 1964 zilizopigwa ndani ya nyumba za Shangani zimo katika masanduku ya familia zetu, aghlabu nyuma ya bibi harusi au ya watoto waliovaa nguo za Idi. Wenye picha hizo, hati za mauzo, wakfu au mirathi za mtaa ule, na barua za herufi za Kiarabu hata zikiwa haziwasomekei, tunawaomba watupatie nakala pamoja na majina ya waliomo, na wasisahau kuandika jina la yaya aliyesimama pembeni mwa picha, kama yupo anayelikumbuka.